Mji Nilimonyimwa Kiti

Tangu nirudi, wenzangu wa soko la maziwa, mnaniuliza bila kuuliza. Mnasema, "Kabale, umepungua," halafu mnanyamaza kama mtu aliyeweka kikombe chini akingoja kijazwe. Nkatha ameniletea uji wa wimbi mara mbili, na wote tunajua Nkatha hampelekei mtu uji isipokuwa ametoka hospitali au amefiwa. Juzi nimesikia kwamba nilikwenda Mombasa kutibiwa kifua. Mwingine anasema niliwekewa kitu kwenye chakula. Na wale wanaoniona asubuhi nikipita barabara ya msikiti hadi nyumba za mwisho, bila kikapu, bila mtungi, kisha nikageuka na kurudi, hao wanasema ni kichwa.

Basi nitaeleza yote, tangu nilipopanda basi mpaka niliposhuka. Mwisho wake mnaujua, tena mliujua kabla yangu, na hilo sijalisahau. Lakini hamjui ilivyokuwa kukaa mbali bila kuujua.

Kabla sijatoka Isiolo

Kiti changu ni kigoda cha mti, kiko pale pale alipokiacha mama, karibu na mahali lori za Merti zinaposhusha mizigo. Mama alipofuata baba kaburini nilikuwa darasa la sita. Nilivua sare nikakikalia. Juu ya kigoda kile mdogo wangu Tume alisoma hadi akaolewa Mombasa, na Guyo, kitinda mimba wetu, ambaye hakumjua mama na ndiyo maana huniita Ayo, yaani mama, mpaka leo, alisoma hadi akawa dalali wa mifugo anayengojewa na wazee wa Garbatulla kabla hawajataja bei. Mimi ni hangafa, kifungua mimba. Hangafa hali mpaka wengine washibe.

Na kazi ya maziwa ni kazi ya kushuku. Mtu anakuja na mtungi, anaapa kwa Mungu na kwa watoto wake, na wewe unanusa, unaonja, unatema, unamwambia, "Hii ngamia yako imekunywa kisima kizima." Ukifanya hivyo miaka mingi, ulimi unazoea. Hata neno la ndugu yako unalionja kwanza.

Miguu ilianza kuvimba mwaka uliopita. Magoti yakawa yanalia kama mlango wa stoo. Usiku nilikuwa nalala kidogo, naamka kabla ya adhana na kuanza kuhesabu mambo ambayo hayajatokea. Hospitalini daktari, msichana mrefu mwenye sauti ndogo, aliniambia, "Mama, umekaa sana. Tembea kila siku, la sivyo hii miguu itakukataa."

"Nitembee niende wapi?"

"Popote. Tembea tu."

Nilicheka. Kwetu mtu hatembei tu. Anatembea kwa sababu mbuzi amepotea, au maji yako mbali, au kuna mgonjwa wa kuona. Anayezunguka mikono mitupu anapeleleza malisho ya watu, au ameguswa akili. Guyo alikuwa amesimama mlangoni akisikia yote. 

Haikupita wiki, Tume akapiga simu. Ati ana upweke, mume wake yuko safarini, nije nikae naye mwezi mmoja. Na kabla sijajibu vizuri, Guyo akaniambia, "Ayo, ukienda niachie ufunguo wa stoo ya mitungi."

Dalali wa ngamia anataka nini na mitungi ya maziwa? Mahali pangu sokoni panatamaniwa na wengi, mnajua. Kuna waliokwisha kumfuata Guyo wakimwambia mimi nimechoka, apatoe. Nikaona mambo mawili yamefika siku moja, mwaliko na ufunguo, kama wezi wawili waliokubaliana. Kiti kikienda, ningerudi kuwa mgeni katika nyumba niliyoilea. Nilimpa ufunguo kwa sababu maziwa ya Kipsing yasingengoja. Lakini nilimwangalia mkono alipoupokea.

Isiolo hadi Nairobi

Basi lilipanda vizuri mpaka baridi ya Timau, kisha Nanyuki likasimama. Dereva akashuka, utingo akashuka, wakatazama chini ya basi kama watu wanaotazama kaburi. Ilikuwa kifaa fulani, na kifaa kilikuwa kinatoka mjini, na mjini kilikuwa kinatafutwa. Tulikaa pale mpaka jua likatuhama upande mwingine wa dirisha.

Jirani yangu alikuwa mwanamume wa koti la kijivu, mpole kupita kiasi. Akafungua pakiti ya biskuti.

"Mama, shika moja."

"Nimefunga."

"Leo Jumanne?"

"Nalipa siku za nyuma."

Mungu anisamehe, sikuwa nimefunga. Lakini sote tumesikia habari za watu waliopewa biskuti ndani ya basi wakaamkia Nairobi bila viatu. Yeye akala zote mwenyewe. Nikamtazama kwa pembe ya jicho, nione kama zitamfanya kitu. Na kweli, tulipoondoka tu, kichwa kikaanguka, akalala fofofo! Nikajiambia, unaona, Kabale? Nikashika mkoba kwa mikono miwili mpaka Karatina, ambapo aliamka, akapangusa mate, akauliza, "Tumefika wapi, mama?" kwa sauti ya mtu aliyelala kwa sababu ana usingizi.

Sikumjibu vizuri. Nilikuwa na njaa sana.

Stesheni ya treni, na mbwa

Nililala Eastleigh kwa mteja wangu wa maziwa, na asubuhi nikaenda kupanda treni ya Mombasa. Kabla ya kuingia, mizigo hupangwa chini kwenye mstari, watu wanasimama pembeni, na mbwa wa polisi anapita akinusa. Kumwona mnyama akifanya kazi yangu kulinipendeza. Alipita mkoba, akapita sanduku, akafika kwa mfuko wangu, akaketi.

Watu wakanitazama. Askari akaja.

"Mama, ndani kuna nini?"

"Nyirinyiri."

"Ni nini hiyo?"

"Nyama."

"Ya nini?"

"Ngamia. Imekaangwa, imewekwa kwenye mafuta yake. Nampelekea dada yangu."

Akachukua kitambulisho changu akakisoma pande zote mbili. "Isiolo. Na Mombasa unaenda kufanya nini?"

"Kukaa."

"Kukaa na kufanya nini?"

"Kukaa tu."

Hakuamini. Nikafungua mkebe, nikamwambia aonje. Akarudi nyuma hatua moja, uso umekaza, na nikautambua ule uso: ndio niliomwonyesha mwenye biskuti. Ilibidi nile mbele yao, kipande kimoja, cha pili, huku mbwa akinitazama karibu alie. Mwishowe akaja askari mwanamke aliyesema kwao ni Marsabit. Alichungulia, akacheka, akatia mkono ndani ya mkebe bila kuuliza. "Huyu mbwa hana kosa," akasema. "Hata mimi ningeketi."

Mkebe ulifika Mombasa umepungua robo.

Sahani ya kwanza

Tume anakaa Mji wa Kale, ghorofa ya pili, ngazi za mawe. Siku ya kwanza nilizipanda nikipumzika kila baada ya chache, na Tume nyuma yangu akijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Mimi natoka nchi ambayo mtu akija unamwona akiwa mdogo kama mbegu, una muda wa kuamua ni nani. Kule, vichochoro vinapinda kabla hujamaliza kufikiri. Mtu anatokea mbele ya pua yako, anasema, "Salaam aleikum," anapotea. Nyumba zimeegemeana juu, roshani za mbao zinakaribia kupeana mikono, na milango imechongwa maua na minyororo kana kwamba kila nyumba inaficha bwana harusi. Niliipenda milango, lakini sikuipenda siri yake.

Asubuhi ya pili Tume akaniwekea mbele sahani ya bati ya bluu, imejaa mahamri, na juu yake kawa, kile kifuniko chao cha ukili.

"Ayo, nipelekee hii kwa Bi Rukia. Ni upande wa Ngome."

"Huna mtoto wa jirani wa kutuma?"

"Bi Rukia ni mtu mkubwa. Hatumiwi mtoto."

Nikaenda. Nilipotea mara nyingi. Kila kona ina baraza ya mawe na kila baraza ina wazee wa kiume na vikombe vya kahawa, na mwanamke mgeni hawezi kwenda kujibwaga katikati yao, kwa hiyo sikupata pa kupumzika. Walinisalimu, nikajibu, nikasikia macho yao mgongoni. Nikapanda ngazi za Bi Rukia magoti yakilia. Ni bibi mwembamba mwenye pini ya dhahabu puani. Alipokea sahani mlangoni.

"Ahsanta, mwanangu. Ngoja papo hapo."

Papo hapo! Alikuwa na viti vinne nyuma yake, nikiviona kwa macho yangu. Kwetu hata adui akija boma huwekewa ngozi akae kabla hajaulizwa habari. Bi Rukia akaingia, akatoka na sahani ile ile, sasa ina kaimati zinang'aa kwa shira.

"Sahani hairudi tupu. Mpelekee Bi Zena, nyuma ya msikiti, kisha umwambie dadako nimepokea."

Bi Zena naye hakunipa kiti. Alitoa kaimati, akaweka maembe. Nikafika kwa Tume karibu na adhuhuri, nimetota jasho, nimetukanwa na nyumba mbili. Nilikula, nikalala. Nilipoamka ilikuwa alasiri, na sikukumbuka mara ya mwisho nililala hivyo mchana.

Kesho yake, sahani tena. Na kesho kutwa.

Nilichoanza kufikiri

Nilifikiri nini? Nilifikiri sahani ina kitu. Niliinua kawa kila kona nikanusa. Mbaazi za nazi. Siku nyingine vitumbua. Nikafikiri labda sahani ni kisingizio cha kunitoa nyumbani, kwa sababu Tume alikuwa ananisukuma mlangoni kabla chai haijashuka. Kwa nini? Ndani kuna nini mimi nikiwa nje?

Lakini huku nikishuku, miguu ilikuwa inakwenda. Vichochoro vile vina jambo moja zuri: jua haliwezi kuingia vizuri, kivuli cha nyumba moja kinashika nyingine, kwa hiyo unatembea kama aliye ndani. Na kwa sababu huoni mwisho wa njia, huchoki kwa ajili yake. Unafika kona tu. Halafu kona nyingine. Kuna mlango wenye misumari ya shaba, kuna paka wawili wa muuza samaki, kuna dirisha ambalo mwanamke asiyeonekana anaimba akisaga viungo. Siku moja niliona nimefika kwa Bi Rukia bila kuhesabu kitu hata kimoja kati ya vile ninavyohesabu kabla ya adhana. Nikarudi nyuma akilini kuvitafuta. Nikavipata, lakini vilikuwa vimelegea kama fundo lililolowa maji.

Siku nyingine nilikata njia isiyo yenyewe, na kabla sijauliza, mzee mmoja wa baraza akasema bila kuinua kichwa, "Wewe wa kwa Tume, rudi nyuma, kata kushoto penye mlango wa maua."

"Umejuaje naenda wapi?"

"Wapita na sahani kila siku. Mwanzo wako ulikuwa wapita kama gari bovu. Sasa tukisikia hatua tunasema, huyo amepita."

Wenzake wakacheka, na mimi, wallahi, nikacheka. Walikuwa wananichunguza kweli, kumbe. Wachungaji hasa. Nikawaambia kwetu mtu anayepita njia moja kila siku bila mifugo hufungwa kamba akaulizwa. Mzee akajibu, "Hapa hupewa kahawa." Alinipa. Nilikunywa nimesimama. Sikuinusa mpaka nilipokwisha kunywa nusu.

Simu

Ilikuwa wiki ya tatu. Nilikuwa nimeshuka mpaka chini nikakumbuka nimeacha kawa. Nikapanda tena, na ni baadaye tu nilitambua kwamba nilipanda bila kupumzika. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Tume alikuwa jikoni na simu imewekwa kwa sauti ya juu, na sauti ilikuwa ya Guyo.

"Ametoka?"

"Ametoka sasa hivi."

"Mshike hata mwezi mwingine. Kiti hapa kimeshazoea."

"Na wanawake wa soko wanasemaje?"

"Wananicheka, lakini wamekubali. Usimwambie kiti kina nani, Tume. Akijua atapanda basi leo leo."

Nilishuka bila kawa.

Nilisimama katikati ya kichochoro na sahani mkononi, watu wakinipisha. Kile nilichokuwa nikionja tangu Isiolo kilikuwa kimefika kwenye ulimi, na kilikuwa kichungu vile vile nilivyojua kitakuwa. Kiti kina mtu. Na nyinyi, wenzangu, mmekubali. Nilitaka kurusha sahani ukutani. Lakini kitu ulichopewa mkononi hukifikisha, hata kama aliyekupa amekuuza. Nikakipeleka.

Bi Rukia alipofungua sikuitoa. Nikasema, "Bibi, leo nataka kujua. Nimekuja hapa siku zote hizi, mtu mzima, miguu mibovu. Kwa nini hunipi kiti?"

Akanitazama. Kisha akaweka mkono mdomoni, mabega yakatikisika. Bibi yule alikuwa anacheka.

"Mwanangu, n'na aibu mpaka silali. Dadako kanikataza kukupa kiti. Kaja hapa kabla hujafika, kanambia, dada yangu miguu yamkataa, daktari kamwambia atembee, naye hatembei bila kazi. Basi tumpe kazi. Sahani isirudi tupu, na kiti asipewe, akikaa hainuki. Bi Zena naye kaambiwa vivyo hivyo. Na mimi mahamri yale siku zote hizi nimeyala mpaka nimenenepa wewe ukikonda!"

Nikabaki mlangoni. Mama yetu alikuwa na desturi hiyo hiyo: kibuyu cha maziwa cha jirani hakirudi kikavu, hata ukitia ndani majani ya chai. Ningepaswa kuijua sahani ile siku ya kwanza. Tume aliijua. Alichukua kitu cha mama akanifungia nacho miguuni.

"Na kiti changu cha Isiolo? Nani amekaa?"

"Hilo silijui," akasema. "Sasa ingia, keti. Umenishinda."

"Sikai," nikamwambia. Sikuwa na hasira. Miguu haikutaka tu.

Jioni nilimuuliza Tume. Alilia kidogo kuhusu sahani, akaomba radhi. Kuhusu kiti alisema, "Muulize Guyo. Nimeapa, Ayo." Kwa hiyo nusu ya shaka ilikufa na nusu ikabaki, na ile iliyobaki ilikuwa na njaa ya zote mbili. Asubuhi nilifunga mizigo. Bi Rukia alituma ile sahani ya bluu mpaka stesheni, imejaa halua. "Irudi siku ikirudi," alisema aliyeileta. Mbwa wa treni safari hii hakuketi.

Isiolo

Sikuwaambia nafika. Nilishuka stendi, nikamkatalia wa bodaboda, nikatembea mpaka sokoni na mfuko begani na sahani mkononi. Nilitaka kumwona aliyekaa kabla hajaniona.

Nyinyi mlikuwepo. Niliwasikia kabla sijawaona. "Mama Guyo! Mama Guyo, pima vizuri, usimwage!" Na juu ya kigoda cha mama yangu, magoti yamefika masikioni, kanga imetandazwa mapajani maziwa yasimrukie, alikuwa ndugu yangu. Dalali wa ngamia. Mwanamume wa Kiborana anapima maziwa sokoni, katikati ya wanawake, mchana kweupe, mbele ya wale wale wazee wa Garbatulla wanaongoja neno lake. Kumbe alijua kiti kikikaa kitupu siku tatu hakina mwenyewe. Angemweka mwanamke mwingine, mwanamke angekizoea. Akakikalia mwenyewe.

Aliponiona alisimama, kanga ikaanguka.

"Ayo. Mbona hukupiga simu?"

 Nilichukua kikombe, nikachota mtungini, nikanusa kwa mazoea, nikaonja.

"Guyo, nani alikuletea haya?"

"Mtu wa Kipsing. Ni safi. Aliapa."

"Aliapa!"

Hapo ndipo mlipoangua kicheko mpaka mbuzi wakakimbia. Maziwa yalikuwa na maji ya kutosha kuoshea gari. Ndugu yangu anamjua mbuzi kwa kumgusa mgongo gizani, lakini karibu mwezi mzima amekuwa akiuza mvua. Nikayanywa mpaka mwisho wa kikombe. Mliniona, mkafikiri nimekasirika, kwa sababu Guyo alinisogezea kigoda akasema, "Kaa," nami nikakataa, nikasimama mpaka mitungi ikaisha.

Sikukasirika. Ndiyo maana nimewaandikia haya.

Sasa nakaa kidogo, nasimama kidogo, na asubuhi natembea. Mji wetu hauna milango ya maua, lakini kuna yale maduka ya zamani ya mabati karibu na msikiti, na ile nyumba ya mawe ambayo baba alisema ilikuwepo kabla yake, na hivi majuzi nimegundua zina kivuli saa moja asubuhi. Siumwi kifua. Sikulishwa kitu, ila mahamri. Nalala.

Nkatha, nilikuletea halua kwenye sahani ya bluu ukaishangaa, na mpaka leo iko kwako. Usiirudishe tupu, na usimpe mtu wa bodaboda. Ilete kwa miguu yako, mapema, kabla jua halijapanda. Ukifika sitakupa kiti.